Bendi za roki zinazoongozwa na wanawake: mngeweka mbele Dig Me Out, Fever to Tell au Last Splash?

GitaaLaPili (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Swali hili ni la wale wanaosikiliza albamu nzima, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila kuruka.

Sisi ni wanawake watatu hapa Nakuru, magitaa mawili na ngoma. Dada aliyekuwa akitupigia besi alipata kazi Mombasa, akaondoka na baraka zetu zote. Mazoezi tunafanyia chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi huku Free Area. Mwenye duka hana neno mradi tuanze yeye akishafunga. Tangu besi iondoke tumekuwa tukisikiliza bendi za roki ya indi (ile iliyoanzia kwenye lebo ndogo zinazojitegemea) zinazoongozwa na wanawake, hasa zile zisizokuwa na besi kabisa, tuone wenzetu walilijazaje hilo pengo. Hapo ndipo tulipogawanyika. Mwenzangu wa gitaa la kwanza hasikii la mtu juu ya Fever to Tell ya Yeah Yeah Yeahs (2003). Mpiga ngoma wetu anashikilia Last Splash ya The Breeders (1993), ambayo besi imo na imeshiba. Mimi nasimama na Dig Me Out ya Sleater-Kinney (1997).

Sababu yangu ni hii. Watu wakizungumzia bendi za wanawake, mazungumzo yote huishia kwenye sauti: fulani ana koo la chuma, fulani akiimba unasisimka. Mikono haitajwi. Hata sisi tukimaliza kupiga mahali, pongezi zinamwendea aliyeimba, na aliyeshika gitaa usiku mzima hakuna anayemuuliza alikuwa anapiga nini. Dig Me Out ni albamu ya mikono. Corin Tucker na Carrie Brownstein wote wawili wanaimba na wote wawili wanapiga gitaa, na Janet Weiss yuko kwenye ngoma, hiyo ikiwa albamu yake ya kwanza nao. Besi hakuna. Walichofanya ni kulegeza nyuzi zote sita kwa nusu toni tatu, uzi mnene ukashuka kutoka E hadi C#. Jaribu nyumbani utaona: nyuzi nyembamba za kawaida zinalegea hadi zinagonga vyuma vya shingo, na noti inatoka imepinda. Ilibidi tununue nyuzi nene zaidi, na siku tulipozifunga, gitaa langu lilitoa mngurumo ambao sikujua kama linao.

Sikilizeni One More Hour, na msikilize kwa visikizi vya masikioni, sikio moja moja. Gitaa moja linachambua noti, la pili linakatakata chini yake, kila moja na njia yake. Kwenye kiitikio Tucker anaimba maneno yake na Brownstein anaimba mengine kabisa, yanapishana, na bado hakuna anayemfunika mwenzake. Wimbo wenyewe unahusu kuvunjika kwa mapenzi ya hao hao wawili. Hebu fikirieni: mtu mliyeachana naye amesimama hatua chache kutoka kwako, ana gitaa, na lazima umsikilize kwa makini ili usimkanyage. Usikivu wa namna hiyo ndio ninaoutaka kwenye bendi yetu kuliko kitu kingine chochote.

Fever to Tell naipenda pia. Maps inaanza na gitaa la Nick Zinner, noti moja inayotetemeka haraka haraka, kisha Brian Chase anaingia na ngoma nzito, halafu Karen O anaimba taratibu kabisa. Basi. Wengi wenu mnakijua kiitikio chake hata kama hamjui kilikotoka, maana sehemu yake iliingia kwenye Hold Up ya Beyoncé mwaka 2016. Lakini pale gitaa ni la mwanamume mmoja, na Karen O anaongoza kwa koo na kwa mwili wake wote jukwaani. Kwa bendi ya magitaa mawili kama yetu, somo liko kwa Sleater-Kinney.

(Kuna atakayesema Fever to Tell si indi kwa kuwa ilitoka Interscope, kampuni kubwa, ilhali Dig Me Out ilitoka Kill Rock Stars, lebo ndogo ya mji wao wa Olympia, Marekani. Hilo tusiligombanie hapa.)

Sasa nyinyi mngeweka ipi mbele, na kwa nini? Na kuna albamu gani isiyo na besi ambayo tumeipita? Naomba albamu, msinitajie wimbo mmoja mmoja.

NgomaYaLurambi (Kakamega)

Mulembe dada. Bendi umeipata, albamu bado. Chukua The Woods, ya 2005.

Dig Me Out ni kama dakika 36 za mbio, nzuri mno, lakini kwenye The Woods hao watu watatu wanajaza nyumba. Walikwenda kuirekodi na Dave Fridmann huko jimbo la New York, naye akaacha kila kitu kipige hadi kinapasuka. The Fox, wimbo wa kwanza, ukiupiga kwenye spika ya simu utadhani spika imekufa. Haijafa, ndivyo ulivyorekodiwa. Halafu kuna Let's Call It Love, dakika 11, na ikifika mwisho haisimami, inaingia moja kwa moja kwenye Night Light. Magitaa yanapotea njia, yanarudi, yanapotea tena, na muda wote huo Weiss hajamwacha mtu nyuma. Sijawahi kuisikia sehemu ile nikabaki nimekaa.

Kuhusu besi: mimi ni mtu wa Isukha, Waluhya wa huku Kakamega, na mtu wa Isukha hawezi kuuliza muziki utasimamaje bila besi. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Ile kubwa inashika chini, nyingine zinaongea juu yake, na watu wanacheza hadi jasho linachuruzika bila uzi hata mmoja kuguswa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na nafurahi, ingawa mimi niliijulia mazishini na kwenye sherehe za kwetu, si kwenye orodha.

Kwa hiyo mwambieni mpiga ngoma wenu apunguze matoazi. Toazi linajaza juu, na huko juu magitaa yenu mawili yameshajaa. Ashuke kwenye ngoma ya mguu na ile pana inayosimama sakafuni. Asikilize Entertain, humo humo kwenye The Woods, jinsi ngoma zinavyoubeba wimbo mabegani.

Baada ya albamu hiyo walipumzika, kuanzia 2006, wakarudi 2015 na No Cities to Love. Weiss aliondoka 2019. Zilizotoka baadaye nazisikiliza, lakini mguu wangu hauamki.

FundiWaMiksa (Kisumu)

Kazi yangu ni kufunga mitambo ya sauti hapa Kisumu, harusi, mikutano, makanisa, na bendi zikipatikana. Naongea kama mtu anayekaa nyuma ya miksa na kuangalia miguu ya watu.

Mpiga ngoma wenu ana haki. Last Splash iko mbele ya zote mlizotaja, na besi ni sababu kubwa. Cannonball: besi ya Josephine Wiggs inaingia kabla ya gitaa, na kuna noti moja ambayo haikai sawa, iko pembeni kidogo ya mahali pake. Sikio linashtuka. Gitaa linapoingia, besi inasogea pale inapotakiwa na mwili mzima unatulia. Anayetengeneza mshtuko huo na utulivu huo kwa noti moja ya chini anajua anachofanya. Nimewapigia vijana wasiosikiliza roki kabisa, Kondele, tukijaribu spika kabla ya shughuli, na kila mara vichwa vinaanza kutikisika pale pale besi inaposogea.

Dada GitaaLaPili, kama unatafuta mikono, hapa ipo tele. Kim Deal alikuwa mpiga besi wa Pixies kabla hajaiongoza bendi yake mwenyewe. Pacha wake, Kelley, aliingia The Breeders akiwa hajui gitaa, akajifunzia humo humo, na kwenye Last Splash yeye ndiye gitaa la kwanza. Hilo kwangu lina uzito kuliko ufundi wa mtu aliyeanza akiwa mtoto, kwa sababu unasikia mtu anachagua noti chache na kuzilinda.

Na msiipite Rid of Me ya PJ Harvey, 1993 pia. Watu watatu, gitaa, besi na ngoma, wamerekodiwa na Steve Albini huko Minnesota. Albini ndiye aliyerekodi pia albamu ya kwanza ya The Breeders, Pod, ya 1990. Wimbo wa kwanza wa Rid of Me unanong'ona kwa muda mrefu hadi unafikiria kuongeza sauti, kisha unakulipukia usoni. Ndio ninaoupiga nikitaka kujua kama ukumbi unaweza kubeba kimya na kelele kwa pamoja. Kumbi nyingi za mabati haziwezi.

Mkishikilia kukaa bila besi, basi nawapa la kazini. Gitaa moja, si yote mawili, lipitisheni kwenye pedali ya okteva, ile inayoongeza noti ya chini zaidi. Sauti hiyo igawanyeni mara mbili: nusu moja iende kwenye amplifaya ya gitaa kama kawaida, nusu nyingine kwenye amplifaya ya besi, na kwenye hiyo ya besi mkate sauti za juu zote. Gitaa la pili lisiguse nyuzi nene wakati huo. Mkifanya hivyo na magitaa yote mawili mtapata matope, na fundi wenu atalaumiwa bure.

SaksafoniEldoret

Nitakuwa mfupi. Mbona hakuna aliyemtaja Poly Styrene? X-Ray Spex, Germfree Adolescents, 1978, London. Baba yake alikuwa Msomali, kwa hiyo mtu wa pande zetu za dunia alikuwa mbele ya kipaza sauti tangu mwanzo kabisa wa pank, ile roki ya kasi na fujo. Besi ipo, naijua kanuni yenu, lakini kinachofanya kazi ya gitaa la pili pale ni saksafoni. Inapiga ile ile njia ya sauti yake, wakati mwingine inamjibu, wakati mwingine inamsukuma. Kama chumba chenu kinaweza kumpata mpiga saksafoni wa kanisani, mjaribu hilo kabla hamjanunua pedali.

Na kwa kusikiliza tu, si kwa kuiga: Sound & Color ya Alabama Shakes, 2015. Brittany Howard anaimba na kupiga gitaa, na ukisikia anavyoiacha sauti ipasuke mwishoni mwa mstari utajua nguvu ya mtu anayeshika vyote viwili mwenyewe.

MzeeWaSuna (Migori)

Nyar Nakuru, nakusalimu. Nimesoma yote. Binti yangu ndiye aliyenionyesha mjadala huu, na ndiye aliyenipigia hiyo Dig Me Out jioni ya jana. Yale magitaa mawili nimeyaelewa mara moja. Hayo ni solo, gitaa linaloongoza, na ridhimu, linaloshika mapigo, vitu tulivyozaliwa navyo. Nilichokosa ni besi. Kwetu huku mtu anaisikia besi kwanza, halafu ndipo anapouliza anayeimba ni nani. Kwenye benga, muziki wetu wa magitaa wa Kiluo, kuna pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanakimbia, solo juu, ridhimu katikati, na besi inaruka chini yao kama mbuzi aliyefunguliwa asubuhi. Ondoa besi hapo, watu watarudi kwenye viti.

Lakini sikuja kugombania besi. Nimeshangaa kwamba mnazungumzia bendi za magitaa zinazoongozwa na wanawake, mtu wa Nakuru, mtu wa Kakamega, mtu wa Kisumu, na hakuna aliyemtaja Princess Jully. Prince Jully alipofariki mwaka 1997, mkewe, Lilian Auma, aliichukua Jolly Boys Band akaiongoza. Bendi ya wanaume, ya magitaa, mikononi mwa mjane. Akatoa Dunia Mbaya, wimbo kuhusu ukimwi, wakati ambapo watu wengi walikuwa bado wanauficha ugonjwa huo hata mgonjwa akiwa kitandani mbele yao. Wimbo huo ulipigwa kwenye matatu, kwenye baa, kwenye matanga, nchi nzima. Nilikuwa na kanda yake hadi ikakatika, nikaiunga, ikakatika tena.

Wewe unasema kuongoza ni mikono. Mimi nasema kuongoza ni kuwaweka watu pamoja wakati wana kila sababu ya kutawanyika. Huyo mama hakuhitaji kushika solo ili bendi iwe yake.

GitaaLaPili (Nakuru)

Asanteni sana, wote. Tumekaa na majibu yenu mazoezini, na kabla stima haijapotea tulipata muda wa kujaribu baadhi.

Kaka wa Lurambi, tumesikiliza The Woods yote kwa pamoja, chini, migongo ukutani. Let's Call It Love ilipofika katikati, mpiga ngoma wetu alisimama akaenda kukaa kwenye ngoma bila kusema neno. Ametoa toazi moja akaliweka pembeni. Kwa sikio langu tofauti ni kubwa: sasa nasikia mwisho wa noti zangu, ambao hapo awali ulikuwa unamezwa. Kuhusu albamu ipi iko mbele, bado niko na Dig Me Out. The Woods ni kubwa, nakubali, lakini ukubwa wake unatoka kwenye nguvu na kelele, na bendi changa ikiiga kelele kabla haijajua kusikilizana itapiga kelele tu. Dig Me Out inakufundisha kumwachia mwenzako nafasi, na nafasi hiyo unaisikia kila mahali. Nimesikiliza bendi nyingi za vijana Nakuru na Njoro zenye magitaa mawili yanayopiga kitu kile kile kwa sauti ya juu. Ndilo jambo linaloniuma.

Fundi, la pedali ya okteva tunalichukua. Tumekubaliana mwenzangu wa gitaa la kwanza ndiye ataibeba, kwa sababu njia zake ni rahisi zaidi chini, nami nitakaa kwenye nyuzi tatu nyembamba pedali inapofanya kazi. Cannonball nimeisikiliza upya kwa sababu yako. Ule mwanzo wa besi ni kweli kabisa, na sasa nikisikia besi inahama najikuta natabasamu. Kelley Deal pia umeniongezea. Kujifunza gitaa ukiwa tayari ndani ya bendi, mbele za watu, kunahitaji moyo, na noti zake zile chache ninazisikia tofauti.

SaksafoniEldoret, mpiga saksafoni wa kanisani tunamjua, ni mama wa watoto wakubwa na anapiga vizuri kupita sisi. Tutamuomba kwa heshima.

Mzee wetu wa Suna, nimelisoma jibu lako kwa sauti, na wenzangu wakaniomba nilirudie. Princess Jully nitamweka kwenye orodha, juu, na ninamheshimu kwa kuibeba bendi ile katika msiba. Lakini naomba nisimame pale pale kwenye mikono. Aliongoza, ndiyo, na solo ikabaki kwa wanaume. Mimi nimelelewa na nyumba iliyopiga benga kila Jumapili mchana, na katika kanda zote za baba sikuwahi kuona picha ya mwanamke ameshika gitaa la solo. Kama yupo, nitajie jina, nitamtafuta. Nafarijika na Labdi, mwanamuziki wa kike anayepiga orutu, fidla ya Kiluo ya uzi mmoja, chombo ambacho kwa muda mrefu kilikuwa cha wanaume, naye anakipiga mbele za watu na kuimba juu yake. Nataka hivyo hivyo kwa solo ya benga. Nadhani ndiyo maana Dig Me Out imenishika hivi. Wanawake wawili, magitaa mawili, kila mmoja na njia yake, na hakuna mwanamume aliyesimama nyuma akishika kazi ngumu.

MzeeWaSuna (Migori)

Jina la mwanamke wa solo sina la kukupa. Swali lako ni la haki. Lakini nina gitaa la solo la marehemu kaka yangu hapa nyumbani, limekaa kwenye mfuko wake tangu alipotuacha, na binti yangu anasema angependa kujifunza. Mnaweza kumwanzishia na nini?

GitaaLaPili (Nakuru)

Mzee, abadilishe nyuzi kwanza, zilizokaa muda mrefu zitamkata vidole na kumkatisha tamaa. Alipeleke kwa fundi wa Migori au Kisumu likaguliwe shingo kama haijapinda. Kisha aanze na ridhimu ya benga polepole, njia moja tu, hadi mkono wa kulia usihitaji kufikiria. Aliyezaliwa huko tayari ana mapigo hayo mwilini. Akishaweza, ampigie FundiWaMiksa, akubali kumrekodi ridhimu hiyo kwa simu, nami nitaweka gitaa la pili juu yake nikiwa Nakuru na kumrudishia.

FundiWaMiksa (Kisumu)

Nakubali. Gitaa alete pia, kuikagua shingo simtozi. Na besi nitapiga mimi, mzee asije akarudi kwenye kiti.